Kando ya Mto Curaray

Safari yetu ya mwezi huu ni ndefu. Tunavuka Bahari ya Atlantiki mpaka Amerika ya Kusini, katika nchi ya Ekwado. Jina la nchi hiyo ni neno la Kihispania lenye maana ya Ikweta. Ni mstari ule ule unaopita Nanyuki kule Kenya. Lakini anayetazamia joto kali atashangaa, maana mji mkuu, Quito, umekaa juu ya milima ya Andes, mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Jioni akina mama wa huko hujitanda shali za sufu kama wenzao wa Makete au Limuru.

Kutoka Quito barabara inakwenda kusini hadi Ambato, kisha inageuka mashariki na kuanza kuteremka. Inapita Baños, mji mdogo wenye chemchemi za maji moto chini ya Tungurahua, mlima unaotema moto. Halafu inafuata bonde la mto Pastaza lenye maporomoko mengi ya maji. Kadiri unavyoteremka ndivyo sweta linavyogeuka mzigo. Migomba inaanza kuonekana, halafu mashamba ya mihogo, na mwisho msitu mtupu. Karibu na mji wa Puyo, ambao jina lake kwa lugha ya Waquichua lina maana ya ukungu, unafika mahali panapoitwa Shell. Pamepewa jina la kampuni ya mafuta iliyopiga kambi hapo zamani. Kampuni iliondoka miaka ya 1940 ilipokuwa inaisha, lakini uwanja wake wa ndege ulibaki, na wamishenari wakautumia.

Kutoka hapo ukielekea mashariki, msitu wa Amazon unaendelea hadi upeo wa macho. Ndani yake unapita mto Curaray, mto wa maji ya rangi ya udongo. Kando ya mto huo ndipo yalipotokea mambo ninayotaka tuyatafakari pamoja.

Mama aliyeshika redio

Mwaka 1948 kijana rubani, Nate Saint, na mkewe Marj walikuja kuishi Shell. Kazi ya Nate ilikuwa kurusha ndege ndogo, kuwapelekea wamishenari wa msituni chakula, dawa na barua. Watu walimsifu sana rubani, na walikuwa na haki. Lakini tusimsahau mama aliyebaki chini. Marj ndiye aliyekaa kwenye redio, akajua ndege iko wapi, hali ya hewa ikoje, na kituo gani kina mgonjwa. Alitunza hesabu za mizigo, alipokea wageni waliolala kwao wakisubiri ndege, na alilea watoto watatu. Wengi wetu tunaijua kazi ya namna hiyo. Haiandikwi kwenye taarifa ya mwaka, lakini ikisimama siku moja, kila kitu kinasimama.

Huko msituni walikuwako vijana wengine wenye ndoa. Jim Elliot na Elisabeth walioana Quito mwaka 1953, wakaishi Shandia miongoni mwa Waquichua. Ed McCully na Marilou walikaa Arajuno. Pete Fleming na Olive walikuwa wameoana karibuni. Roger Youderian na Barbara walifanya kazi kwa kabila jingine upande wa kusini. Zilikuwa nyumba zenye mambo yetu ya kila siku: nepi za kufua, maziwa ya unga, homa ya mtoto usiku, na mume anayechelewa kurudi.

Ng'ambo ya mito yao waliishi Waorani. Jina hilo katika lugha yao lina maana ya "watu" tu. Majirani waliwaita kwa jina la dharau lenye maana ya washenzi, na jina hilo ndilo lililotangazwa magazetini mwaka 1956. Siku hizi limeachwa, na ni vizuri. Waorani walikuwa watu wachache walioogopwa sana. Wao nao waliwaogopa wageni, kwa sababu waliamini kuwa kila mtu wa nje anakula watu. Tena walikuwa wanamalizana wenyewe kwa wenyewe. Wachunguzi waliokuja baadaye kuandika koo zao na vifo vyao waligundua kuwa, kwa vizazi kadhaa, zaidi ya nusu ya watu wazima waliokufa waliuawa, wengi wao kwa mikuki. Mtoto alikua akiambiwa ni nani aliyemwua babu yake na ni nani aliyemwua mjomba wake. Akipata nguvu ya kushika mkuki, tayari alikuwa anadaiwa.

Siku ya Jumapili

Kuanzia Oktoba 1955 Nate alizunguka juu ya nyumba za Waorani akishusha zawadi kwa kamba ndefu: sufuria, mapanga, nguo. Baada ya muda Waorani nao wakaanza kufunga zawadi zao kwenye kamba hiyo: taji la manyoya, kasuku, muhogo uliopikwa. Mwaka 1956, tarehe 3 Januari, vijana watano walianza kambi kwenye mchanga kando ya Curaray. Siku tatu baadaye Waorani watatu walitokea msituni: mwanamume mmoja na wanawake wawili. Wakala pamoja, wakacheka, na yule mwanamume akarushwa kwa ndege juu ya kijiji chake.

Jumapili ya tarehe 8 Januari, Marj alikaa kwenye redio saa kumi na nusu alasiri, kama walivyoahidiana. Redio haikujibu. Wote watano walikuwa wameuawa kwa mikuki.

Miaka mingi baadaye Waorani wenyewe walieleza kilichotokea. Kulikuwa na ugomvi wa ndani juu ya msichana na ndoa. Mmoja wao, akitaka kuepa hasira ya ndugu zake, alisema uongo kwamba wageni ndio waliowashambulia. Uongo wa mtu mmoja uliacha wajane watano na watoto wanane, na wa tisa alikuwa bado tumboni mwa Marilou.

Wajane wanachagua

Hapa ndipo wanaume wanapofunga hadithi, lakini kwa akina mama ndipo inapoanza.

Hawakuchagua wote njia moja, wala hakuna aliyelaumiwa kwa njia yake. Olive, ambaye hakuwa na mtoto, alirudi kwao Marekani. Barbara alirudi na wanawe wawili kwenye kituo alichokaa na mumewe. Marilou alikwenda kujifungua kwao, kisha akarudi Quito kutunza nyumba ya watoto wa wamishenari waliosoma mjini. Marj alihamia Quito kusimamia nyumba ya wageni. Elisabeth alibaki Shandia na binti yake Valerie, mwenye umri wa miezi kumi tu baba yake alipokufa, akaendelea na shule, mahubiri na zahanati.

Mlango wa kwa Waorani ulifunguliwa na wanawake. Msichana mmoja wa Kiorani, Dayuma, alikuwa amekimbia mauaji ya kwao miaka ya 1940 akafanya kazi katika shamba kubwa la mzungu mmoja. Mwaka 1955 Rachel Saint, dada yake Nate, alimfikia Dayuma akaanza kujifunza lugha kwake. Lugha hiyo haina ndugu yeyote anayejulikana duniani, kwa hiyo hakuna kamusi wala mwalimu aliyeweza kumsaidia ila Dayuma. Halafu mwezi Novemba 1957 wanawake wawili wa Kiorani walitoka msituni wenyewe: Mintaka na Mankamu, shangazi zake Dayuma. Mintaka ndiye yule mama aliyekaa na vijana watano mchangani, siku mbili kabla ya kuuawa. Elisabeth aliwapokea, akaishi nao, akajifunza maneno yao.

Septemba 1958 Dayuma na shangazi zake walirudi kwao. Baada ya wiki chache wakatoka na mwaliko: njoni mkae nasi. Oktoba hiyo Elisabeth na Rachel waliingia msituni. Valerie alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu, na sehemu ya njia alibebwa mgongoni katika kiti cha mbao. Alipomwona kwa mara ya kwanza mwanamume wa Kiorani, aitwaye Kimo, alimtazama kwa makini, akamwuliza mama yake kama huyo ndiye baba yake. Kimo alikuwa mmoja wa waliomwua baba yake.

Nyumba isiyo na kuta

Je, mama mwenye akili timamu humpeleka mtoto mahali kama pale? Swali hilo aliulizwa Elisabeth na watu wengi, na sisi tuna haki ya kuuliza. Sidhani kuwa kila mjane aliitiwa jambo hilo. Wenzake wanne hawakuitiwa. Lakini tukumbuke kwamba hakwenda kwa kujitutumua. Alingoja karibu miaka mitatu. Alijifunza lugha kwanza. Alikwenda kwa kualikwa, tena akiongozwa na wanawake wa kwao walioijua hatari kuliko yeye. Na Waorani walipomwona mama amekuja na mtoto mdogo, bila mume wala bunduki, walijua kwamba hakuja kulipiza kisasi. Mtu anayekuja vitani haji na mtoto.

Walikaa Tiwaeno, katika kibanda chenye paa la makuti na hakina kuta. Fikiria, mama, nyumba isiyo na ukuta hata mmoja: wanakuona ukioga mtoto, ukichana nywele, ukiandika barua, ukilia. Chakula kilikuwa muhogo, ndizi, samaki na nyama ya nyani. Kinywaji kilikuwa muhogo uliopikwa, ukatafunwa na mama wa nyumba, kisha ukachanganywa na maji. Mgeni hupewa, na mgeni hunywa. Waorani walilala kwenye vitanda vya wavu vinavyoning'inia, moto ukiwaka chini yake. Valerie alizoea upesi kuliko mama yake. Alicheza mtoni na watoto, akazungumza lugha yao kama wao.

Wenyeji waliwapa majina. Elisabeth aliitwa Gikari, ndiye ndege gogota. Rachel aliitwa Nimo, yaani nyota, akahesabiwa kuwa dada yake Dayuma. Jambo hili si dogo. Kwa Waorani, kama kwetu, mtu asiye na undugu hana mahali pa kukaa. Sisi tukimpokea mgeni tunamtafutia jina: shangazi, wifi, mama fulani. Akishapata jina la ukoo, ana haki ya kula na ana wajibu wa kusaidia.

Kufundisha bila ubao

Je, Injili inafundishwaje mahali pasipo na kondoo, wala mkate, wala soko, wala mfalme? Ukisema "Mchungaji Mwema," hakuna aliyewahi kuona zizi. Ukisema tumenunuliwa kwa thamani, hawajui kununua. Hata neno la mwalimu lilikuwa gumu, kwa sababu mtoto wa Kiorani hujifunza kwa kutazama, si kwa kuketishwa na kuambiwa.

Mwalimu wa kwanza hakuwa mzungu. Alikuwa Dayuma. Aliwakusanya jamaa zake siku ya Jumapili, akawaambia wakae kimya, akawasimulia habari za Mungu Mwumbaji. Alitumia jina Wængongi, ambalo wazee wao walilijua tangu zamani kuwa la Mwumbaji. Hakuanza na mafundisho magumu. Alianza na lile lililowauma wote: damu. Alisema Mwumbaji hapendi watu wachomane mikuki. Alisema Mwana wake alichomwa naye hakurudisha. Alikataza desturi ya kuzika mtoto mchanga akiwa hai pamoja na baba aliyekufa. Kwa watu waliohesabu vifo vya jamaa zao mmoja mmoja, hilo halikuwa somo la kukariri. Lilikuwa habari ya kufa na kupona.

Na mbele ya macho yao walikuwako wanawake wawili wageni, mmoja dada wa marehemu, mmoja mjane wa marehemu, wakiwachoma sindano watoto wa waliowaua. Kwa sheria ya msitu, wanawake hao walikuwa na deni la kudai, lakini hawakulidai. Nadhani fundisho la msamaha lilieleweka hapo, kabla halijapata neno lake katika lugha.

Mwaka 1965 Injili ya Marko ilichapishwa kwa lugha ya Waorani. Mwaka huo huo watoto wawili wa Nate na Marj, Kathy na Steve, walibatizwa katika maji ya Curaray, karibu na mahali alipozikwa baba yao. Waliowabatiza ni Kimo na Dyuwi, wawili kati ya wale waliokuwako siku ile ya mikuki. Agano Jipya zima lilitoka mwaka 1992.

Tusifiche magumu

Magazeti ya kanisa mara nyingine hupenda kuwapaka wamishenari rangi nyeupe tupu. Haitusaidii. Elisabeth na Rachel, mjane na dada wa damu ile ile iliyomwagika, hawakuelewana. Walitofautiana juu ya namna ya kufanya kazi, na mwaka 1961 Elisabeth aliondoka Tiwaeno na Valerie. Waliweza kukaa na waliowaua wapendwa wao, lakini kukaa na mwenzao wa jiko moja kukawashinda. Akina mama, tunacheka kwa uchungu, maana tunajua. Kumsamehe adui wa mbali kuna sifa yake. Kumvumilia wifi au mwenzako wa kwaya hakuna anayekupigia makofi.

Kulikuwa na mengine makubwa zaidi. Makundi yaliyotawanyika msituni yalipokusanywa pamoja, maradhi ya nje yaliwapata kwa urahisi. Mwaka 1969 ugonjwa wa kupooza uliingia, ukaua zaidi ya watu kumi na kuwalemaza wengine. Katika desturi ya zamani kifo kama hicho kilihitaji mchawi wa kulaumiwa na mkuki wa kumlipa. Imani changa ilitikiswa. Tena, eneo walilotoka Waorani ndilo lililotamaniwa na makampuni ya mafuta, na watu wengi, wakiwamo Waorani wenyewe, wameuliza kama kuwakusanya hakukuwarahisishia wachimbaji njia. Ni swali la haki. Mtu anaweza kuleta habari njema kwa moyo mweupe, na nyuma yake mlango ule ule ukapitisha wengine wenye nia yao.

Hata hivyo Waorani hawakubaki watu wa kusaidiwa tu. Mwaka 2019 walikwenda mahakamani mjini Puyo kuishtaki serikali kwa kutaka kugawa ardhi yao bila kuwashauri ipasavyo, nao wakashinda, wakaokoa hekta 180,000 hivi za msitu. Aliyewaongoza ni mama, Nemonte Nenquimo. Mwezi Agosti 2023 wananchi wa Ekwado walipiga kura, na wengi wakataka uchimbaji wa mafuta usimamishwe katika sehemu ya hifadhi ya Yasuní. Mpaka leo yapo makundi madogo ya jamaa za Waorani yaliyokataa kabisa kuonana na watu wa nje, na sheria ya nchi inatambua haki yao ya kuachwa.

Rachel alibaki nao mpaka alipofariki Novemba 1994, akazikwa huko huko Toñampare. Dayuma alifariki mwaka 2014, na Elisabeth mwaka 2015 huko Marekani. Steve, yule mtoto aliyebatizwa mtoni, alirudi mwaka 1995 na mkewe na watoto kuishi kwa Waorani. Mzee Mincaye, mmoja wa waliomwua baba yake, akawa babu wa watoto wake. Mzee huyo alifariki Aprili 2020.

Tunabeba nini nyumbani?

Mtoto hazaliwi na adui. Adui hufundishwa nyumbani, jikoni, wakati wa kumenya ndizi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waorani: kila mkuki ulianza na hadithi aliyosimuliwa mtoto. Nasi tunasimulia. "Hao ndio waliomroga babu yako." "Baba yako mdogo ndiye aliyetunyang'anya shamba." "Watu wa kabila lile si watu." Tunasema tukiwa tumechoka, tena huenda tukiwa tumeonewa kweli. Mtoto anasikiliza, na tunampa mkuki kabla hajaweza kuubeba.

Elisabeth hakumficha Valerie kwamba baba yake aliuawa. Ukweli haukufichwa katika nyumba ile isiyo na kuta. Ila hakumrithisha deni. Kusamehe si kusema kwamba shamba halikuporwa, wala si kumwacha mwizi aendelee kuiba. Mambo ya sheria yana mahali pake. Kusamehe ni kukubali kwamba deni hili litaishia kwangu, mwanangu hatalipokea. Ni kazi ngumu, na kwa kawaida haimaliziki kwa sala moja ya jioni. Elisabeth alihitaji miaka mitatu na safari ya siku kadhaa kwa miguu na mtumbwi. Wewe huenda ukahitaji kuvuka uzio tu, lakini najua uzio nao unaweza kuwa mrefu kuliko msitu.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika ukoo wetu kuna hadithi gani ya zamani ambayo watoto wanaisikia mara kwa mara? Inawafundisha kumpenda nani, na kumchukia nani?

2. Wajane watano walichagua njia tofauti. Je, tunawaachia wajane wa usharika wetu nafasi ya kuchagua, au tunawaamulia?

3. Nani katikati yetu ni "mama wa redio", ambaye kazi yake haionekani? Mwezi huu tutamshukuru kwa njia gani?

4. Someni pamoja sehemu ya mwisho ya Waroma sura ya 12. Ni jambo gani moja mnaloweza kulitenda kabla ya mkutano ujao?